Moshi wa Ndani Wetu, Moto wa Nje Wao: Hadi Lini?



Leo mapishi yamo, tena ni ya mkate wa nyama wa kuchoma nje ambao wengi mmetuomba tangu Idd. Lakini kabla ya kilo ya nyama kuna neno letu la moyoni. Tumelimeza muda mrefu mpaka limetukwama kooni, na leo tunalitoa.

Tuanze na kisa. Tuliitwa watatu kwenye shughuli ya binti aliyemaliza chuo. Shughuli ilikuwa ufukweni, watu 40, na mwenye shughuli alitaka mishikaki pamoja na mkate wa nyama, ule aliouona kwenye simu unaokatwa slesi kama boflo. Tuliamka kabla ya Alfajiri. Tukaenda sokoni, tukachagua nyama, tukasimama pale pale kwenye mashine ya kusagia mpaka tukahakikisha kilichoingia ndicho kilichotoka. Tukamenya thomu, tukatwanga tangawizi, tukaroweka mkate kwenye maziwa, tukakanda kilo nane za nyama kwa mikono yetu. Mishikaki tukaitunga moja moja. Adhuhuri inaadhiniwa, migongo hainyooki.

Kufika ufukweni tukakuta vijana wawili wamekodiwa kwa kazi ya moto. Pipa lililokatwa katikati, wavu juu yake, mkaa unawaka mpaka unatoa ndimi. Tukawaambia, "Kaka zetu, kwa mishikaki sawa, lakini huu mkate hautaki moto wa namna hii. Sogezeni makaa pembeni, tuufunike." Wakacheka. Mmoja akasema, "Dada, nyie mmeshamaliza yenu. Moto tuachieni wenyewe." Na ami mmoja pale, mtu mzima tunayemheshimu, akatuita pembeni kwa upole: "Wanangu, tokeni hapo kwenye moto. Mwanamke kusimama kuchoma nyama mbele za watu si heshima." Tukasema, "Ewallah, ami." Tukarudi nyuma kukata kachumbari.

Haikupita nusu saa, mkate ule ulikuwa mweusi kama chungu. Ulipokatwa, katikati nyama mbichi kabisa, maji mekundu yanachuruzika. Na sinia lilikuwa limeshaanza kuelekea upande wa watoto. Mmoja wetu alilikimbilia akaliondoa mikononi mwa aliyelibeba. Basi mnadhani mwenye shughuli alimgeukia nani? Sisi. "Nyama yenu mbichi!" Kumbe sasa ilikuwa nyama yetu. Mishikaki ilipotoka vizuri, kipaza sauti kilikuwa kimewashukuru "vijana wetu wa kuchoma". Mkate ulipoharibika, ukapata mama.

Jioni vijana walilipwa shilingi 60,000. Sisi watatu tulipewa 15,000 ya nauli, na dua. Dua tumeipokea kwa mikono miwili, Mwenyezi Mungu aikubali. Ila dua hailipi bei ya nyama wala ada ya madrasa.

Ndiyo maana leo tunasema bila kumung'unya maneno. Anayechagua nyama, anayeisaga, anayeitia viungo na kuikanda ndiye mpishi. Anayepepea ni msaidizi wa mpishi. Kazi yake ni ya halali na ina ujira wake, lakini jina la chakula na bei ya chakula ni vya mpishi. Na mpishi akitaka kusimama mwenyewe kwenye moto wa nje, asimame. Hoja za kutuondoa pale tumezisikia zote, nazo ni tatu. Tuzichukue moja moja.

Eti ni haya

Haya tunaiheshimu. Ni sehemu ya imani, na hatutaki binti yeyote asome hapa akadhani tunamwambia aivue. Lakini tuulizane kwa haki. Mwanamke anayekaanga maandazi barazani tangu Alfajiri, ule si moto? Anayekaanga kachori na katlesi mlangoni kwake Ramadhani nzima, wanaume wamejipanga mbele yake na bakuli zao, yale si macho ya watu? Anayechoma mkate wa ufuta kwenye seredani nje ya nyumba, hapo si nje? Hakuna ami aliyewahi kumwita huyo pembeni. Ajabu ni kwamba haya hukumbukwa pale chakula kinapokuwa nyama na pesa inapokuwa nzuri.

Sisi si mashekhe, na mwenye swali la dini akamuulize mwenye elimu. Lakini yale tuliyofundishwa madrasa tunayajua. Mama yetu Khadija, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali inayosafiri mpaka Sham, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliisimamia biashara hiyo kabla ya kupewa utume. Mama yetu Zaynab bint Jahsh alikuwa mwanamke wa kazi za mikono. Alitengeneza ngozi, akashona, na alichopata akakitoa sadaka. Sisi tulioishi na sindano na uzi tunampenda mno kwa hilo. Na katika Sura An-Nisaa, aya ya 32, tunakumbushwa kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Fungu la mwanamke halikuandikwa kuwa ni nauli.

Na kuna jingine. Hakuna aliyewahi kusema kwamba si heshima kwa mama kukohoa jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani, wa kupikia kwa kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wa hayo, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto wanaokaa karibu na jiko. Moshi huo wa ndani, usio na kipaza sauti wala malipo, tumeachiwa sisi bila mgogoro. Ukitoka nje tu, kwenye upepo mzuri wa bahari, moto unakuwa wa wanaume. Basi hiyo haya inatulinda na nini? Kama ni kutuhurumia, tungetolewa ndani tukapike penye hewa. Kinachofanyika ni kinyume chake.

Eti wao ndio wanaoujua moto

Hapa ndipo mkate wa nyama unapoamua kesi, na ndiyo sababu tumeuchagua.

Mshikaki ni kipande kidogo cha nyama. Unataka moto mkali, wa wazi, wa haraka. Unageuza, unapepea, unageuza, umeiva. Kazi hiyo vijana wa Forodhani wanaiweza, na hatuwanyang'anyi sifa yao. Mkono ukizoea unazoea.

Mkate wa nyama ni kitu kingine kabisa. Ni kilo nzima imeshikana pamoja, nene. Ukiuweka juu ya moto mkali, nje utaungua kabla joto halijafika katikati. Na nyama ya kusaga haina mzaha. Kwenye kipande kizima cha nyama vijidudu vingi huwa juu yake, moto ukigusa vinakufa. Ukishaisaga, kile kilichokuwa juu umekichanganya mpaka ndani. Kwa hiyo katikati lazima paive, pafike nyuzi 71 za Selsiasi. Nyama ya kusaga iliyoachwa mbichi katikati yaweza kumpeleka mtoto hospitali. Ndiyo sababu tulilikimbilia lile sinia.

Mkate huu unataka moto wa pembeni na kifuniko, joto lizunguke kama ndani ya tanuri. Sasa tuulizane, elimu hiyo iko wapi kisiwani petu? Iko uani kwa bibi. Mkate wa mayai ulipikwaje kabla ya oveni? Makaa chini kidogo, na juu ya mfuniko umepaliwa makaa. Mkate wa kumimina je? Hivyo hivyo. Bibi hakuwa na kipimajoto. Alisogeza kiganja karibu na mfuniko, akakwambia ongeza makaa mawili, au punguza, tayari unaungua. Moto juu, moto chini, na subira. Hiyo ndiyo elimu ya moto inayotakiwa kwa chakula hiki, na ni elimu ya wanawake.

Tuwape na hadithi ya kweli. Mwaka 1952 huko Marekani, karibu na Chicago, bwana mmoja aitwaye George Stephen alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers. Alikuwa amechoshwa na jiko lake la nje lisilo na kifuniko, upepo unapeperusha majivu kwenye chakula. Kiwandani kwao wakitengeneza maboya ya chuma, haya haya ya baharini. Akachukua nusu mbili za boya, ya chini akaifanya jiko na ya juu akaifanya kifuniko. Jiko lile la duara likauzwa dunia nzima kwa jina la Weber, na mpaka leo Mmarekani akitaka kuchoma mkate wa nyama nje hutumia jiko la namna hiyo, makaa pembeni na kifuniko juu. Hatumdharau, alifikiri vizuri. Tunachosema ni kwamba yeye kwa kifuniko chake alipata jina na utajiri, na bibi zetu kwa mfuniko wao uliopaliwa makaa hawakupata hata ahsante ya kwenye kipaza sauti.

Sasa shikeni kalamu. Haya ndiyo mapishi yenyewe, na anayesema mwanamke haujui moto ayasome pamoja nasi.

Kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, usichukue isiyo na mafuta kabisa, utapata tofali. Mwambie muuza nyama aache mafuta kidogo, kama sehemu moja katika tano. Roweka slesi tatu za boflo kwenye nusu kikombe cha maziwa mpaka zilainike, uziponde. Huo mkate ndio unaoshika maji ya nyama yasikimbie. Kuna kitunguu maji kimoja kikubwa. Kikwaruze ukikamue maji, la sivyo mkate utapasuka. Tia thomu na tangawizi iliyotwangwa, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, nusu kijiko cha pilipili manga, mdalasini wa kunusa tu, kotmiri iliyokatwa ndogo, mayai mawili, na chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai.

Changanya kwa vidole, kwa upole. Usikande kama unga wa chapati, ukikanda sana inakuwa ngumu kama mpira. Chukua kipande kidogo ukikaange uonje chumvi, usionje mbichi. Kisha finyanga umbo la mkate, usizidi vidole vinne kwa urefu wa kwenda juu, uuweke kwenye friji. Joto letu hili si la kuacha nyama ya kusaga mezani. Saa moja nje ni mwisho.

Moto sasa. Washa mkaa, usubiri mpaka ushike majivu meupe juu. Usiweke nyama wakati unatoa ndimi. Gawa makaa mafungu mawili, kulia na kushoto, katikati pabaki patupu, na hapo chini weka sinia kuukuu la kukingia mafuta yanayodondoka. Mafuta yakidondokea makaa yanawaka, na hapo ndipo mkate unapokuwa chungu cheusi. Tandika jani la mgomba juu ya wavu, pale katikati, laza mkate wako juu yake, funika. Kama huna jiko lenye kifuniko, nusu ya pili ya pipa inatosha. Huna pipa? Tumia sufuria kubwa nzito, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama mkate wa mayai. Ila popote utakapopikia, iwe nje. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, tena kimya kimya.

Usifunue kila dakika. Kila ukifunua joto limekwenda. Ongeza makaa machache kila upande yakianza kufa. Baada ya dakika 45 hivi andaa mchuzi wa kupaka: ukwaju mzito, nyanya ya kopo vijiko viwili, asali au sukari vijiko viwili, chumvi na pilipili kidogo. Upake katika dakika 15 za mwisho tu, maana sukari inaungua upesi. Jumla ni kama saa moja, saa nyingine na robo. Usitegemee saa peke yake. Mwenye kipimajoto akichome katikati, kisome nyuzi 71. Asiye nacho akate katikati aangalie. Usiwe na wekundu na maji yatoke meupe, na ukiwa na shaka rudisha kwenye moto. Kipimajoto cha jikoni lakini ni bora, na kwa anayepika kwa biashara tunasema anunue. Ukishatoka, uache dakika 10 ndipo ukate.

Haya, katika yote hayo, kupepea kumo wapi?

Eti chakula cha Wazungu

Hoja ya tatu husemwa kwa kudharau: "Mkate wa nyama! Waacheni Wazungu na vyao." Wanaosema hivyo wanakula chipsi mayai na soseji kila Ijumaa, lakini tuwajibu.

Nyama ya kusaga iliyochanganywa na mkate ni chakula cha mama aliyebanwa. Huko Marekani miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka na watu kukosa kazi, chakula hiki kilipata umaarufu mkubwa kwa sababu nyama kidogo ikiongezwa mkate au shayiri ilishibisha nyumba nzima. Huko Cape Town, Waislamu ambao wazee wao wengi waliletwa na Waholanzi kama watumwa kutoka visiwa vya Asia, wana bobotie: nyama ya kusaga yenye bizari, mkate uliorowekwa kwenye maziwa, na mayai juu yake. Mtu wa Unguja akila bobotie hatauliza imetoka wapi, atauliza kama ipo nyingine. Na sisi wenyewe, kababu ni nini? Nyama, thomu, bizari, yai, na mkate wa kushikia. Mkate wa nyama ni kababu iliyokua.

Kitu cha kuangalia ni uhalali wake. Nyama iwe ya halali. Mchuzi wa chupa usome maandishi yake kabla hujaumimina. Na kwa anayeuza, uaminifu. Mkate ndani ya nyama si udanganyifu ukimwambia mteja umo. Ukiweka boflo nusu kwa nusu na ukatoza bei ya nyama tupu, huo ni upunjaji, na sote tunaijua Sura Al-Mutaffifin inavyowaonya wapunjaji. Tunadai haki yetu, basi na ya mteja tusiile.

Nguo za kusimamia moto

Kuna jambo moja tu ambalo tunawapa haki wanaotutoa kwenye moto, nalo ni nguo. Mabaibui mengi ya siku hizi ni poliesta. Sisi tunakata vitambaa hivi kila siku tunavijua. Ukitaka kujua, kata uzi mdogo uuchome kwa kiberiti. Pamba inaungua na kuacha majivu laini yenye harufu ya karatasi. Poliesta inayeyuka, inakuwa tone gumu jeusi, na ikiyeyuka juu ya ngozi inaganda pale pale. Mkono mpana wa baibui juu ya pipa la makaa ni hatari ya kweli, hatuifanyii utani.

Lakini dawa ya hatari hiyo ni cherehani. Shona gauni refu la pamba nzito, mikono mirefu yenye lastiki kwenye kiwiko cha mkono, isipeperuke. Mtandio uwe wa pamba, uingizwe ndani ya shingo ya gauni, ncha zisining'inie. Juu vaa aproni ya jinzi au turubai jepesi inayofika chini ya magoti. Koleo liwe refu. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na mchanga kisiwani hatuna shida nao. Umesitirika kuliko ulivyokuja, na uko salama kuliko yule kijana aliyevaa kanzu ya nailoni na ndala. Kama tatizo lilikuwa nguo, limekwisha. Kama bado lipo, basi halikuwa nguo.

Na sisi wenyewe

Tungekuwa wanafiki tukiwasema wanaume tukaishia hapo. Nani anamwambia binti yake, "Muachie kaka yako moto, wewe njoo uoshe vyombo"? Ni sisi. Nani anayemuona mwenzake kasimama kwenye jiko la nje akamsema barazani wiki nzima? Ni sisi. Na nani anayeulizwa "Kazi yako bei gani?" akajibu "Aa, utakachonipa"? Ni sisi, mashoga. Mwenye duka la cherehani hasemi "utakachonipa". Ana bei ya suruali, bei ya kukata pindo, bei ya kutia zipu. Mpishi naye awe na bei ya kusaga, ya viungo, ya kukanda, ya moto. Iandikwe kabla, malipo ya awali yatoke kabla ya kwenda sokoni. Siku ile ufukweni tulikwenda bila maandishi kwa sababu mwenye shughuli ni mtu wetu. Kosa lile ni letu, na hatulirudii.

Na wako wanaume wema, tusiwachome wote kwa moto mmoja. Mume wa mmoja wetu ndiye aliyetukatia pipa, akalitia mshikio, akabeba mkaa mpaka uani, kisha akauliza, "Haya Bi mkubwa, niweke wapi?" Kuuliza kwake kulitosha. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza kiatu chake, akawa katika kazi za watu wa nyumbani kwake. Mwanamume kumsaidia mpishi hakumpunguzii kitu.

Ami yetu wa ufukweni pia hatumchukii. Alisema alichofunzwa, na alisema kwa adabu. Wiki mbili baadaye tulimpelekea mkate wa nyama nyumbani kwake, umechomwa nje, uani kwetu, makaa pembeni, mfuniko juu. Alikula slesi mbili, akaomba ya tatu, akauliza, "Nani kachoma?" Tukamwambia, "Sisi, ami." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mashaallah. Basi siku ya harusi ya mjukuu wangu njooni muuchome." Tukasema, "Inshaallah, ami. Bei tutakuandikia."

Basi tunawaomba mambo matatu. Mwenye shughuli: unapopanga malipo, anza na aliyeamka kabla ya Alfajiri. Mshika kipaza sauti: mtaje mpishi kwa jina. Na wewe shoga yetu: Jumapili hii toa seredani nje, funga mtandio vizuri, sogeza makaa pembeni, na usiondoke kwenye moto mpaka mkate wako umeiva katikati. Akija mtu kukwambia umwachie, mkabidhi kipepeo, mwambie, "Karibu kaka, pepea. Nitakwambia lini uache."

Wabillahi tawfiq. Tukijaaliwa, wiki ijayo tutaweka kipimo cha ile aproni ya jinzi na namna ya kuikata.